Umbali Umekwisha, Bili Imebaki

Kwa miaka 60 na ushei, kila ilipoulizwa kwa nini Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu za Kaskazini Mashariki mwa Kenya, zimeachwa nyuma katika barabara, hospitali na shule, jibu lililotangulia mengine lilikuwa kwamba huko ni mbali. Jibu hilo lilipewa hata sura ya sera. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, ule uliozungumzia ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, kwa sababu huko ndiko shilingi ingezaa haraka. Eneo ambalo wakoloni waliliita Northern Frontier District (NFD), na ambalo wakati waraka huo unachapishwa lilikuwa katikati ya vita vya shifta, lilikuwa maskini wa vyote hivyo. Kampuni za simu za mkononi zilipoanza kutandaza minara yao miongo mitatu baadaye, hazikuhitaji kuusoma waraka huo ili kuufuata. Mnara hujengwa penye wateja wengi, penye barabara ya kupitisha mafuta ya jenereta na penye askari wa karibu. Kwa hesabu hiyo Thika hupata minara kumi kabla Hulugho haijapata mmoja, na hakuna mhasibu atakayelaumiwa kwa hilo.

Hesabu hiyo sasa imepata mpinzani. Tangu Julai 2023, kampuni ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ilipoanza kuuza huduma yake nchini Kenya, dishi dogo linaloweza kubebwa kwa bodaboda linapokea intaneti ile ile Liboi na Lavington. Setilaiti za Starlink huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550 na haziulizi kama kuna lami chini yake. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba teknolojia hii imeondoa umbali kama kisingizio, lakini haikuondoa swali la nani atalipa. Na kwamba tukiliacha swali hilo lijibiwe na soko peke yake, intaneti ya angani itaipita Kaskazini Mashariki juu kwa juu kama ndege ya abiria. Dishi la kijijini linapaswa kununuliwa, kulipiwa na kutunzwa kama huduma ya umma, mahali ambapo watu tayari hukusanyika: zahanati, shule, soko la mifugo, ofisi ya chifu. Anayetegemea kila boma linunue lake hajazitazama takwimu za umaskini za eneo hili.

Teknolojia ya setilaiti si ngeni Kenya. Kituo cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na mwishoni mwa mwaka huo huo setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Katika Kaskazini Mashariki yenyewe, mashirika ya misaada katika kambi za wakimbizi za Dadaab yalitegemea kwa miaka mingi madishi makubwa ya VSAT, kila shirika na lake, kila shirika na bili yake. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 kutoka duniani. Sauti ikienda na kurudi, mzungumzaji huwa ameshakata tamaa na kuanza sentensi nyingine. Zilitosha kutuma ripoti kwa wafadhili. Hazikutosha somo la video wala mashauriano ya daktari na muuguzi. Tofauti iliyoletwa na setilaiti za chini ni kwamba ucheleweshaji huo umepungua hadi sehemu ndogo sana ya sekunde, na bei imeshuka kutoka ile ya mashirika ya kimataifa hadi ile ya mfanyabiashara wa kawaida. Vifaa vilivyouzwa kwa karibu Sh90,000 mwaka 2023 vilishuka hadi takriban Sh45,500 mwaka uliofuata, na Agosti 2024 kampuni hiyo ilianza kuvikodisha kwa Sh1,950 kwa mwezi. Kifurushi kisicho na kikomo kilikuwa Sh6,500 kwa mwezi, na kile cha gigabaiti 50 Sh1,300.

Kabla ya kuzigusa bei hizo, tuitazame kwanza takwimu moja ambayo huwafanya maafisa wa Nairobi walale usingizi mzuri. Mamlaka ya Mawasiliano husema kwamba zaidi ya asilimia 95 ya Wakenya wanafikiwa na mawimbi ya simu. Ni kweli, lakini hiyo ni hesabu ya watu, haihesabu ardhi. Kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera zina zaidi ya kilomita za mraba 125,000, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya Kenya nzima. Sensa ya 2019, ambayo matokeo yake katika eneo hili yamepingwa mahakamani, ilihesabu humo watu wapatao milioni 2.5, takriban 20 kwa kila kilomita ya mraba. Mnara mmoja mjini Garissa unafunika maelfu ya watu na kupandisha asilimia. Mnara mmoja kati ya Modogashe na Habaswein unafunika vichaka vingi na watu wachache. Tena mfugaji huhesabiwa mahali alipokutwa usiku wa sensa, lakini kiangazi kikija yuko mbali na mnara huo pamoja na ngamia wake, mara nyingine ng'ambo ya mpaka, akitumia laini ya Somalia kwa sababu ndiyo inayoshika. Takwimu inayomweka ndani ya asilimia 95 haimpatii netiwaki siku anayoihitaji.

Halafu kuna risasi. Minara ya mpakani imekuwa shabaha ya Al-Shabaab kwa miaka mingi. Januari 13, 2020, washambuliaji walipoingia Kamuthe, kusini mwa mji wa Garissa, waliwaua walimu watatu na pia wakauharibu mnara wa mawasiliano. Wiki zilizofuata, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka sehemu kubwa ya kaunti hizi tatu, kama ilivyokuwa imetokea Wajir baada ya mauaji ya Qarsa Februari 2018. Shule zikabaki na majengo bila walimu wa sayansi na hesabu, na vijiji vikabaki na milingoti iliyokatika nyaya. Kampuni inayopoteza mnara wa mamilioni ya pesa mara mbili mahali pamoja hufikiri sana kabla ya kuusimamisha mara ya tatu. Dishi la setilaiti halina mlingoti wa mita 40 unaoonekana kutoka mbali, wala tangi la dizeli. Likiharibiwa, hasara yake ni ya makumi ya maelfu ya shilingi, na lingine linaweza kuwa juu ya paa baada ya siku chache. Hili peke yake linatosha kuibadilisha hesabu ya miundombinu katika wadi za mpakani, na nashangaa kwamba mipango rasmi bado inaitaja setilaiti kama nyongeza tu.

Wapo watakaosema, na husema kwa nia njema, kwamba watu waliopitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2023, kisha mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023, wana mahitaji makubwa kuliko intaneti. Maji kwanza, chakula kwanza. Nisingekuwa na jibu kama serikali yenyewe isingekuwa imehamia mtandaoni. Maelfu ya huduma zake zimo kwenye tovuti ya eCitizen. Mwanafunzi wa kidato cha nne anachagua chuo kupitia tovuti ya KUCCPS na kuomba mkopo wa masomo wa HELB kwa njia hiyo hiyo. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya afya, NHIF, zahanati inathibitisha mgonjwa na kudai malipo yake kupitia mfumo wa kidijitali. Zahanati isiyo na netiwaki inatibu leo na kungoja safari ya kwenda mjini ili idai. Februari 2025, Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uhakiki wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakazi wa mpakani wanapoomba kitambulisho umefutwa. Ni uamuzi uliongojewa vizazi viwili. Lakini kijana aliyeondolewa kizuizi cha kamati ya wazee wa uhakiki hawezi kusukumwa kwenye kizuizi kingine cha tovuti isiyofunguka. Nchi haiwezi kuifanya intaneti kuwa mlango wa haki na wakati huo huo kuiita anasa kwa wanaokaa mbali na mlango huo.

Isitoshe, maji na intaneti hazigombei fungu moja kwa kiwango tunachodhani. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa za tahadhari kila mwezi kwa kila kaunti kame, zikieleza hali ya malisho, maji na bei za mifugo. Bima ya mifugo iliyofika Wajir mwaka 2013 hutegemea picha za setilaiti zinazopima ukijani wa malisho, na fidia hulipwa kwa kipimo hicho. Kwa hiyo setilaiti zimekuwa zikimwangalia mfugaji wa Eldas kwa zaidi ya miaka kumi na kuandika habari zake, na habari hizo husomwa Nairobi, Roma na Washington kabla hazijamfikia yeye. Sioni kwa nini njia hiyo iwe ya kupandisha tu bila kuteremsha. Mchuuzi anayepeleka mbuzi soko la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, akiijua bei ya jana kabla ya kupakia lori, huzungumza na dalali kwa sauti nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye bei. Mpango wa serikali wa Hunger Safety Net huzipa familia maskini za kaunti kame Sh5,400 kila baada ya miezi miwili, yaani Sh2,700 kwa mwezi. Kifurushi cha Sh6,500 ni zaidi ya mara mbili ya fedha ambazo taifa limekadiria zinaweza kuiokoa familia isife njaa. Hata kile cha Sh1,300 kingemeza karibu nusu yake. Ndiyo maana wanaoshangilia kwamba soko limeitatua shida ya vijijini wananitia mashaka. Tazama jinsi wateja walivyojipanga: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa sababu uwezo wake ulikuwa umejaa huko, na marufuku hiyo ikadumu hadi katikati ya 2025. Huduma iliyosifiwa kuwa ya watu wa mbali ilikuwa imejaa mahali penye nyaya za faiba kila mtaa, huku anga ya Wajir ikiwa na nafasi tele. Wakati huo wateja wake wote nchini walikuwa hawajafika 20,000. Soko lilifanya kile ambacho soko hufanya. Lilimfuata mwenye pesa, sawa na ule waraka wa 1965.

Kwa hiyo kizio cha kununulia kisiwe nyumba, kiwe kisima. Nasema kisima kwa sababu Kaskazini Mashariki ina uzoefu mrefu wa kuendesha mtambo wa gharama kubwa katikati ya watu wenye fedha kidogo. Kisima kirefu chenye jenereta hakimilikiwi na boma moja. Kina kamati, kina mwendeshaji anayelipwa, kina ada inayotofautiana kati ya ngamia, ng'ombe na mbuzi, na kina ugomvi wa kila mwaka kuhusu mweka hazina. Visima vingi vimekufa pia, na kila mtu anajua vilikufaje: mfadhili alichimba, akapigwa picha, akaondoka; jenereta ikaharibika, na hakuna aliyekuwa ametenga pesa za vipuri. Madishi yatakufa kwa ugonjwa huo huo yasipopangiwa mwezi wa kumi na tatu, ule unaokuja baada ya ufadhili wa mwaka mmoja kwisha. Gharama ya kufunga dishi si tatizo kubwa. Mwanasiasa yeyote anaweza kuifanya kabla ya uchaguzi. Tatizo ni bili ya Jumanne moja ya kawaida, miaka mitatu baadaye, wakati kamera haziko.

Hesabu yenyewe haitishi. Tuchukue kwa mfano taasisi 1,000 katika kaunti hizi tatu, zahanati na shule pamoja. Kwa bei za 2024, vifaa vingegharimu Sh45.5 milioni mara moja, na kifurushi kisicho na kikomo Sh78 milioni kwa mwaka. Ongeza sola, betri, mafundi na bei ya juu inayotozwa taasisi. Uzidishe hata mara tatu ukitaka. Bado ni kiasi ambacho kaunti tatu na mfuko wa huduma kwa wote vinaweza kugawana. Mfuko huo, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, uliundwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2009 na hupokea asilimia 0.5 ya mapato ya kampuni za mawasiliano. Sababu ya kuundwa kwake ni moja tu: kulipia mahali ambapo soko haliendi. Uliwahi kuunganisha zaidi ya shule 800 za sekondari kote nchini, kwa hiyo mfano upo, na kasoro zake zinajulikana. Kampuni hulipwa kufikisha huduma, na mkataba ukiisha shule inabaki na kisanduku ukutani. Mfuko huo ukubali kulipa bili ya kila mwezi kwa miaka mitano, kwa mkataba unaopungua kidogo kidogo huku kaunti ikichukua sehemu yake, na malipo yafuate matumizi yanayopimika. Zahanati ambayo dishi lake halijawaka wiki sita ionekane kwenye orodha ya umma, na aliyepewa zabuni asilipwe wiki hizo.

Nasisitiza matumizi kwa sababu tulishanunua vifaa bila mpango. Mradi wa tabuleti za shule za msingi, ulioanza kugawa vifaa mwaka 2016, ulifikisha zaidi ya vifaa milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Vingi vilifungiwa kabatini, kwa kuwa hapakuwa na intaneti, walimu hawakuandaliwa vya kutosha, na hakuna aliyejua nani alipe kioo kikivunjika. Kinyume chake kilikuwa ndani ya kaunti ya Garissa yenyewe. Mwaka 2013 Vodafone Foundation na UNHCR walianza Dadaab mpango wa madarasa yenye intaneti, ambao uliweka pamoja umeme wa jua, betri, tabuleti, muunganisho na mafunzo ya walimu, vyote katika chumba kimoja kinachotumiwa kwa zamu. Darasa hilo halikutegemea kila mwanafunzi wa kambi za Hagadera au Ifo awe na chake. Mashirika ya hapo nayo, mwanzoni mwa muongo wa 2010, yaligundua kwamba kugawana mtandao mmoja ni nafuu kuliko kila moja kulipia VSAT yake. Wakimbizi na wahudumu wao walilifikia jibu hilo kabla ya kaunti zinazowazunguka, na sidhani ni aibu kuliiga.

Umeme unastahili aya yake, ingawa fupi. Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 100, kutegemea toleo lake, linapofanya kazi, na lile dogo takriban nusu ya hapo. Sehemu kubwa ya eneo hili iko nje ya gridi ya taifa. Wajir na Mandera zimeishi kwa miaka kwa vituo vya dizeli vya kwao, na mtambo wa jua wa megawati 50 uliozinduliwa Garissa Desemba 2019 hupeleka umeme wake kwenye gridi, ambayo haifiki kila kijiji kinachouona mtambo huo kwa macho. Jua lipo, paneli zimeshuka bei, na zahanati nyingi tayari zina sola kwa ajili ya friji ya chanjo. Onyo ni moja: dishi lisiunganishwe na betri ya friji. Likiwekwa hapo, vijana watatazama mpira mpaka usiku wa manane na chanjo ya surua itaharibika. Linapaswa kuwa na betri yake.

Pingamizi zito zaidi ni la utegemezi. Je, ni busara kaunti ya mpakani kukabidhi mawasiliano ya zahanati zake kwa kampuni moja ya Marekani yenye mmiliki asiyetabirika? Wasiwasi huu una ushahidi. Julai 2020, Loon, kampuni dada ya Google, ilianza kutoa intaneti kwa puto zilizoelea juu ya sehemu za kati na magharibi mwa Kenya ikishirikiana na Telkom, na kufikia Januari 2021 ilikuwa imetangaza kufunga biashara. Huduma hiyo ya kuwaunganisha wasiofikiwa ilidumu chini ya mwaka mmoja, na haikuwahi hata kuelekea Garissa. Julai 24, 2025, Starlink yenyewe ilizimika duniani kwa zaidi ya saa mbili kwa hitilafu ya programu. Hata hivyo, nyaya nazo hukatika: Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilitambaa, na waliokuwa na dishi walisaidiwa nalo. Kinga ya utegemezi ni kutofunga ndoa na mtoa huduma mmoja. Zabuni iseme kasi, saa za upatikanaji na bei, isiseme jina la kampuni. OneWeb, ambayo sasa iko chini ya Eutelsat, ina setilaiti zake; Airtel Africa ilitangaza Mei 2025 kwamba itashirikiana na SpaceX, kampuni inayomiliki Starlink; na setilaiti za zamani za kimo cha juu bado zipo kwa dharura.

Katika suala hilo, Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2024 ikitaka watoa huduma wa setilaiti walazimishwe kufanya kazi kupitia kampuni zenye leseni na miundombinu nchini. Wengi waliicheka barua hiyo kama kilio cha mkubwa aliyezoea kutawala. Nadhani nusu yake ilikuwa na hoja. Kampuni inayolipa kodi, kuajiri mafundi na kuchangia mfuko wa huduma kwa wote ina haki ya kudai mwenzake abebe mzigo unaofanana, na kampuni iliyo na ofisi hapa inaweza kushtakiwa hapa. Nusu nyingine siikubali. Kulazimisha ubia kungempa mwenye minara funguo za mahali ambapo hakujenga mnara. Mzigo upimwe kwa mapato, na wanaohudumia wadi zisizo na mnara wapunguziwe ada, maana wanafanya kazi ambayo mfuko ungelipia.

Kuhusu usalama, husemwa kwamba dishi linaweza kuangukia mikononi mwa wapiganaji. Linaweza, kama gari au simu. Lakini akaunti ya dishi husajiliwa, kifaa kinaweza kuzimwa na mtoa huduma, na dishi la zahanati lina anwani. Tena swali la kujiuliza ni kwa nini minara hulengwa. Kijiji kisichoweza kupiga simu hakiwezi kuita gari la wagonjwa wala kuwaarifu polisi kwamba wageni wenye silaha wamepita. Ukimya humfaa mshambuliaji. Ningependa idara za usalama zishirikishwe katika usajili na katika kuchagua mahali pa kuweka vifaa, lakini zisipewe uwezo wa kuzima wadi nzima kwa amri ya simu bila kumweleza yeyote. Kaskazini Mashariki imeishi chini ya sheria za dharura kwa muda wa kutosha kujua tofauti ya mambo hayo mawili.

Kuna pia wanaosema tungoje faiba. Mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera, wenye zaidi ya kilomita 700 na unaosaidiwa na Benki ya Dunia, umepangwa kwenda na mkongo wa faiba kando yake. Ni habari njema kwa miji iliyo kwenye barabara hiyo, na mji ukishapata faiba uiache setilaiti bila kusita, kwa sababu faiba ni nafuu na haijai. Lakini Ijara haiko kwenye barabara hiyo, wala Diff, wala Liboi. Mkongo wa taifa ulifika mjini Garissa zamani, na vijiji vya Balambala havikuhisi chochote. Dishi likihamishwa kutoka mji uliopata faiba kwenda kijiji kinachofuata, hakuna kilichopotea, na hiyo ndiyo faida ya kununua kifaa kinachobebeka.

Kimebaki kikwazo cha kisheria ambacho hakizungumzwi sana. Mkataba wa kifurushi cha nyumbani hauruhusu mteja kuuza tena huduma, kwa hiyo mwenye duka wa Takaba anayewatoza majirani Sh20 kwa saa yuko nje ya mkataba hata kama ndiye mtoa huduma pekee wa kweli hapo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii, ile inayoendeshwa na wanajamii wenyewe kwa ada nafuu. Utaratibu huo umezoeleka zaidi katika mitaa ya miji kuliko kwenye kaunti kame. Mamlaka ikiitaka kampuni yoyote ya setilaiti ikubali mwenye leseni hiyo agawe huduma kihalali, kamati ya kisima ya Tarbaj inaweza kuwa kamati ya intaneti, na ada ya wafanyabiashara wa sokoni ikalipia sehemu ya bili ya shule.

Mahali pa kudai haya yote ni bajeti ya kaunti, na ratiba yake haina siri. Kila kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio yake kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Mkazi wa Balambala, Eldas au Lafey atakayehudhuria kikao cha maoni ya umma aombe kuonyeshwa mstari wenye malipo ya kila mwezi ya intaneti ya zahanati na shule ya kwao, pamoja na jina la afisa atakayeyalipa. Mstari huo usipokuwepo, aseme hivyo mbele ya wote na adai hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.